Mwanangu, picha ikibonyezwa na mwenzako ni ya nani?

Mwanangu mpenzi,

Picha zimefika salama. Nimezitazama kwanza kama mama, halafu kama mtu aliyejipatia riziki kwa kamera. Mama ameridhika: umepungua kidogo, lakini macho ni yale yale. Mpiga picha ndiye mwenye maneno.

Umeniuliza kuhusu mradi wenu wa kujaribu sura za kike na za kiume mbele ya kamera: ikiwa mwenzako ndiye aliyepanga taa, akalenga, akabonyeza, je, bado ni picha za kujipiga? Kuna mtu kawaambia kwamba mmoja kapiga na mwingine kapigwa, basi, yamekwisha. Huyo mwacheni. Mtu hawezi kuwa mbele ya lenzi na nyuma yake kwa wakati mmoja, na waliotaka kujichunguza kwa undani walihitaji msaidizi tangu zamani.

Chukua msanii Claude Cahun, aliyezaliwa Nantes, Ufaransa, mwaka 1894 kwa jina la Lucy Schwob, akajichagulia jina ambalo Wafaransa humpa mvulana au msichana. Utamwona amenyoa kichwa, amevaa suti. Kwingine, mwaka 1927, ni mnyanyua vyuma mwenye mioyo iliyochorwa mashavuni. Kwa miaka mingi ziliitwa picha alizojipiga peke yake. Lakini kwenye baadhi yake, chini kabisa ya fremu, kuna kivuli cha mtu aliyeinamia kamera. Wengi wanaamini ni Marcel Moore, jina la kisanii la Suzanne Malherbe, mchoraji na mwenzi wake wa maisha. Mwaka 1937 walihamia kisiwa cha Jersey. Wajerumani walipokiteka mwaka 1940, wawili hao wakawa wanaandika vikaratasi vya kuwavunja moyo wanajeshi, wakivitia saini ya askari asiye na jina na kuvipenyeza hata mifukoni mwao. Walikamatwa 1944, wakahukumiwa kifo, wakaponea chupuchupu hadi kisiwa kilipokombolewa 1945. Kwangu mimi kazi ya vikaratasi na ya picha ni moja. Waliozoea kubadili sura pamoja chumbani wanajua ni nani wa kumwamini.

Ila ninaowapenda zaidi ni Marie Høeg na Bolette Berg, maana walikuwa watu wa studio kama mimi. Walifungua yao Horten, Norwei, mwaka 1895. Wateja walipigwa picha za heshima zao, kofia na makoti. Wenyewe kwa wenyewe wakapiga nyingine: Høeg kabandika masharubu, Høeg kavaa nguo za ndani, Høeg na sigara. Vioo vya negativu za picha hizo vilikaa ndani ya maboksi yaliyoandikwa kuwa ni ya faragha, vikaja kugunduliwa miongo mingi baada ya wote wawili kufariki. Kucheka wamecheka, inaonekana, lakini mwanga umepangwa kwa makini kabisa, si mchezo wa kupitisha muda.

Na walikuwa mahali panapofaa. Hakuna anayejua mapozi ya kike na ya kiume kama mtu wa studio, kwa sababu anayatamka kutwa nzima. Mwanamume: simama wima, kifua mbele, achanisha miguu, tazama lenzi. Mwanamke: geuka robo, uzito mguu wa nyuma, shusha kidevu kidogo, inamisha kichwa. Hata viganja tulifundishwa kuvitenganisha. Mkono wa mwanamke uonekane kwa ubavu, upande wa kidole kidogo, ili uwe mwembamba. Wa mwanamume uonekane kwa mgongo wake, ili uwe mpana. Mkono ni ule ule! Zungusha kiwiko kidogo tu na umeshabadilisha kile ambacho mtazamaji ataamini kuhusu mwenye mkono.

Ndiyo maana nakushauri, kabla ya kuazima nguo za mtu mwingine, jaribuni mikono kwanza. Taa isiguswe, shati lile lile, ukuta ule ule. Piga pozi la kiume, kisha la kike, kisha lile ambalo mwili wako unalichukua ukiwa umechoka na umesahau kamera. Mwenzako naye afanye hivyo hivyo. Angalieni ni wapi mlipoona haya. Hapo ndipo pa kukaa.

Umesema mmechagua nyeusi na nyeupe kwa sababu inaonekana ya kisanii. Sababu hiyo ni nyepesi, na mna bahati kwamba kuna nzito. Kuondoa rangi ni kuamua upya nini kiwe cheusi na nini kiwe cheupe, na maamuzi hayo yanagusa jinsia moja kwa moja. Filamu za zamani hazikuuona mwanga mwekundu, kwa hiyo midomo ilitoka myeusi hata isipopakwa kitu. Leo kwenye programu ya kuhariri, ukiitoa picha kwa mwanga mwekundu peke yake, ngozi inalainika na rangi ya mdomo inafifia. Ukiitoa kwa bluu, chunusi na mabaka vinajitokeza hadharani. Mtu mmoja, kubonyeza mara moja, nyuso mbili. Wa kuchagua awe nani? Mhariri akiwa mwenzako, kaeni pamoja mbele ya skrini.

Tazama Zanele Muholi, mpiga picha wa Afrika Kusini. Kwenye picha zake za kujipiga ngozi imetiwa weusi zaidi kwa kuukuza utofauti wa nyeusi na nyeupe, wala si kwa kupaka. Kichwani kaweka waya za kusugulia sufuria au vibanio vya nguo. Moja ya mwaka 2015 ina jina la mama yake, Bester, aliyefanya kazi za ndani. Kibanio cha nguo kikawa taji na pete ya sikio, na habari za mama zikaingia humo bila maelezo. Halafu kuna Samuel Fosso, aliyefungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mkanda wa filamu wa mteja ukibaki na nafasi, alizimalizia kwa kujipiga mwenyewe, akavaa apendavyo, nyingine akamtumia bibi yake Nijeria. Mwaka 2008 alijigeuza viongozi na mashujaa wa watu weusi, Angela Davis, mwanaharakati wa Marekani, akiwa mmojawapo, na nywele zake zile. Hakuna anayecheka akiiona.

Sasa, mambo ya makubaliano, nayo niyaseme kwa kifupi kwa sababu hayapendezi lakini yanavunja urafiki. Majina yaandikwe mawili. Faili asilia kila mmoja awe nazo. Na yeyote kati yenu akisema hii isitoke nje, isitoke, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote, hata kama alikubali jana. Picha ya mtu anayejaribu sura fulani haimfungi kuwa hivyo maisha yake yote, lakini ikishasambaa watazamaji hawatangoja maelezo yake. Mimi sikuulizi jibu lako kuhusu wewe ni nani. Ukilipata, utaniambia ukitaka.

Kuhusu zenyewe: ile ya suti ya kuazima naiona dhaifu. Mabega ya koti yamekuzidi, na jicho linaishia kwenye koti. Ile ya kioo imefanywa na kila mtu. Lakini kuna moja, nadhani mlitaka kuitupa, umevaa shati jeupe na mkono wa mwenzako umeingia kutoka kulia kukuwekea kola sawa. Wewe hutazami lenzi, unamtazama yeye, na kidevu kimepanda bila kuambiwa. Sikuweza kusema hilo ni pozi la nani. Msiukate ule mkono pembeni, na giza la nyuma lipunguzeni kidogo ili sikio lionekane.

Nimegundua kitu kingine. Katika zote ulizonitumia, mwenzako yumo kwa mkono huo tu. Kama kazi ni yenu wawili, mbona yeye hajasimama mbele? Muulize, lakini usimlazimishe. Huenda anangoja kuombwa, huenda hataki, na majibu hayo mawili yanaelekea mradi tofauti kabisa. Akikubali, wewe ndiye wa kubonyeza, na taa panga mwenyewe.

Nasubiri za kwake.

Mama yako