Anayemtaja ndiye anayeanza

Nzega, Tabora
14 Juni

Mpendwa Nyamizi,

Salamu nyingi. Kwa kuwa umepangiwa kata za Igunga, nakuandikia hili la vikongwe wanaouawa kwa kudaiwa ni wachawi kabla hujazama kwenye makaratasi.

Bibi akiuawa, kijijini huulizwa alikuwa mtu wa namna gani. Macho mekundu, mjane, hana mazoea na watu: hukumu imeshatoka kabla polisi hawajafika. Yale macho ni moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha, au vikope visivyotibiwa. Wewe uliza shamba lake limepakana na la nani, na nani alikuwa akilitaka tangu mumewe afariki. Mara nyingine aliyemkata kwa panga hana hata ugomvi naye. Kalipwa na mtu wa ukoo.

Huanza na mtoto kuugua au ng'ombe kufa. Watu wanakwenda kupiga ramli, mganga anasema "ni mama wa jirani, upande wa magharibi", jina wanalimalizia wenyewe. Ingilia hapo. Usiandike "alitishiwa", andika maneno yenyewe, nani kayasema, lini, mbele ya nani. Mpeleke bibi kituo cha polisi apate RB, namba ya taarifa iliyoandikishwa, nakala kwa mtendaji wa kata. Mkiambiwa mkayamalize nyumbani, msiondoke: kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18. Ila sheria hiyohiyo, ya tangu 1928, inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha anayetuhumiwa. Bibi anafungasha, shamba wanabaki nalo walewale. Siipendi hata kidogo.

Kuhusu shamba, ahangaikie mapema hatimiliki ya kimila yenye jina lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Akikatwa akawa bado anasema, andika anavyomtaja aliyemkata. Maneno ya anayekufa kuhusu kilichomuua hupokelewa mahakamani. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, isicheleweshe matibabu. Akifariki, damu isioshwe, panga lisiguswe, waombolezaji wakae mbali na mlango, maana nyayo hufutika watu wakijaa, na asizikwe kabla daktari hajamchunguza. Mjukuu aliyelala naye atoe maelezo siku hiyohiyo, wajomba wasiwepo. Baada ya arobaini atakuwa ameshafundishwa kusema kulikuwa na giza.

Namba za watendaji nitakutumia kwa basi la Ijumaa. Wasalimie wote hapo.

Rafiki yako,
Pili