Babu, nimewaona fahali wa Lascaux

Babu, shikamoo. Nisalimie Bibi na wote hapo Kolo. Mimi huku Ufaransa ni mzima. Hela ya dawa ya ng'ombe nimeituma kwenye simu ya Mjomba, mwambie aangalie.

Jumamosi nilikwenda Montignac kuona michoro ya pango la Lascaux, lile lililogunduliwa na vijana wanne mwaka 1940. Tangu nitoke huko nawaza majabali yetu ya Kolo yenye michoro tu.

Kuna fahali mmoja ukutani, urefu wake mita 5 hivi. Ni ng'ombe wa porini, aina ambayo imekwisha duniani. Ukitazama pembe na shingo yake unajua aliyemchora aliishi akiwatazama hawa wanyama, kama wewe unavyowatambua ng'ombe wako kwa mwendo hata jua likiwa limezama. Na walichora gizani, Babu, kwa taa za mafuta ya wanyama, kwa ngeu, ule udongo mwekundu, na mawe meusi, miaka kama 17,000 iliyopita.

Sasa sikia lililonishangaza. Mifupa iliyochimbuliwa humo karibu yote ni ya reinidia, mnyama wa nchi za baridi mwenye pembe za matawi. Ndiye aliyekuwa kitoweo chao. Lakini katika mamia ya wanyama waliochorwa, reinidia ni mmoja tu! Waliojaa ni farasi. Mimi naona mnyama kwao hakuwa nyama tu. Kulikuwa na jambo jingine kati yao, la heshima au la hofu.

Binadamu naye ni mmoja tu, chini kabisa shimoni. Mistari michache, kichwa cha ndege, anaanguka mbele ya nyati mwenye manyoya ambaye matumbo yamemtoka. Watu walioweza kumchora fahali yule walijichora wenyewe kama mtoto anavyochora mchangani. Nilisimama hapo muda mrefu. Kwetu watu wamechorwa warefu, wembamba, wenye vichwa vikubwa, na wako pamoja na twiga, tembo na pofu kwenye jabali moja.

Nilichokiona mimi ni nakala. Pango lenyewe lilifungwa mwaka 1963, kwa sababu pumzi za wageni na taa ziliotesha ukungu na mwani kwenye kuta. Pumzi tu, Babu! Kwa hiyo wale wanaomwagia jabali maji ili rangi ing'ae wapige picha, tafadhali wakatazeni, hata kama ni wageni wenye pesa. Yetu haina nakala, na iko wazi kwa jua na mvua.

Halafu nikumbushe. Yule mnyama mwekundu wa juu kulia, mimi nilisema ni pofu, wewe ukakataa. Ulisema ni nani? Mpe Mjomba aniandikie.

Mjukuu wako.