Mstari ule si uganga

Mhariri, assalaam aleikum, naomba nafasi gazetini. Hapa Mkunguni vijana walikuwa wanabishana juu ya kidani cha mgeni mmoja, kina mstari mrefu wa wima na kijistari kifupi kimoja upande wa kulia, mmoja akasema ati ni alama ya uchawi na wenzake wakaitikia. Jamani hiyo ni herufi. Ni B ya maandishi ya zamani ya Ireland yanaitwa ogamu, herufi zake za asili ni 20, mafungu 4 ya tano tano, walikuwa wakizichonga kwenye ukingo wa jiwe kuanzia chini kupanda juu, na mawe yenyewe yapo mpaka leo kwa mamia, mengi ni jina tu, fulani mwana wa fulani basi.

Lakini maana nayo ipo, na ni tamu. B inaitwa Beith, jina la mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Wasomi wa kale wa huko waliandika kwamba ujumbe wa kwanza kabisa wa ogamu ulikuwa B saba zilizochongwa kwenye kijiti cha mti huohuo, akapelekewa Lug, shujaa wa hadithi zao za kale, kuonywa kuwa mkewe atachukuliwa mara saba na hao ambao sisi tungewaita majini, asipolindwa na mti huo, ndo maana Beith ikatangulia herufi zote. Tena walikuwa wanazifumba herufi, Beith wakaiita "mguu uliosinyaa wenye nywele nzuri", na ukiuangalia mti wenyewe hata kwa picha, shina limepauka na vitawi vyembamba vinaning'inia, unajua aliyefumba aliutazama sawasawa. Watu wa Lamu na mafumbo hawaambiwi.

Kinachoniudhi ni hizi habari za kwenye simu, ati ukizaliwa mwezi fulani mti wako ni Beith na tabia zako ni hivi na hivi. Hiyo imetokana na kalenda ya miti aliyoitunga mshairi Muingereza Robert Graves akaichapisha 1948, wazee wa Ireland wanasingiziwa bure.

Sasa Mhariri, kama mna nafasi kwa ukurasa wa watoto wekeni hiyo herufi na fumbo lake, halafu waambieni nao wafumbe za kwetu, alifu, be, te, watuletee tusome.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu