Mwanangu, anza na usingizi

Mwanangu mpendwa,

Picha zako zimefika. Umeuliza kama umenenepa. Ndiyo, kidogo, na wala sishangai. Anayehamia nchi nyingine kwa masomo hubadilisha kwa mkupuo mmoja saa za kula, saa za kulala, hali ya hewa na watu wa kukaa nao mezani. Mwili lazima useme kitu. Usianze kujinyima chakula. Anza na usingizi.

Ratiba yako naijua kuliko unavyodhani, maana naona saa unazojibu ujumbe. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za kulala kila usiku. Wewe unakesha siku za masomo, kisha Jumamosi unalala hadi adhuhuri ukidhani umelipa deni. Asiyelala vya kutosha, homoni ya shibe hushuka na ya njaa hupanda. Ndiyo maana usiku wa manane unatamani vitamu na vya kukaanga. Halafu kuna hiyo kahawa. Mwili huchukua kama saa 5 kuondoa nusu ya kafeini, kwa hiyo kikombe ulichokunywa saa kumi jioni, ifikapo saa tatu usiku nusu yake bado imo damuni. Kunywa asubuhi. Vinywaji vya kuongeza nguvu tulishabishana, msimamo wangu unaujua.

Wadogo zako nimewakataza kukupigia simu jioni yao, ambayo kwako ni usiku mkubwa. Tutaongea mwisho wa wiki, mchana wako. Simu ya nyumbani ikiita usiku, ujue ni dharura.

Kupika kila siku hutaweza, na sikutegemei uweze. Pika sufuria moja kubwa siku usiyo na vipindi, gawa kwenye vyombo, weka kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kuiva. Tambi za pakiti ziwe za siku ya shida tu: Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, na baadhi ya pakiti hukaribia kiasi hicho peke yake. Mazoezi yasikutie hofu ya ada za jimu. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka zinatosha kuanzia, na njia ya kwenda darasani inahesabika.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wa kigeni hulificha, nalo ni huzuni. Wiki za kwanza kila kitu ni kipya na kinafurahisha. Baadaye upya huisha, lugha inachosha, na siku za baridi giza linaingia mapema. Kukumbuka nyumbani huja na kuondoka, hilo halinitishi. Lakini ukiona wiki 2 zimepita na karibu kila siku huna raha, hutaki watu, hata ulichokipenda hukitaki, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo. Usisubiri mitihani iishe. Mazungumzo yale kwa kawaida ni siri. Hata mimi mzazi wako siambiwi, na sitauliza. Na kama wazo la kujidhuru litakupitia, hiyo ndiyo dharura yenyewe: mwamshe mtu, nipigie, saa yoyote.

Daktari je, umejiandikisha? Fanya hivyo sasa ukiwa mzima, maana kuanza kujaza fomu ukiwa na homa ni adhabu. Soma pia bima yako inalipia nini. Nyingi huacha meno na macho. Uliza kuhusu chanjo ya homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa ugonjwa huo huenea kwa urahisi penye msongamano kama mabwenini, na kama mna majira marefu ya baridi, uliza kuhusu vitamini D kabla ya kujinunulia vidonge. Wataulizia chanjo zako za utotoni. Kadi ninayo, nimeipiga picha kurasa zote na nakutumia leo.

Mama yako