Barua kwa mwanangu kabla ya ziara ya Kagera

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata. Nimefurahi sana kusikia mwalimu wenu wa historia anawapeleka Kagera kuona vilipopita vita vya 1978. Hela ya safari nimeshaituma. Ila nina ombi.

Mtaonyeshwa daraja la Kyaka, ambalo majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalilivunja Novemba 1978 ili jeshi letu lisivuke mto Kagera. Mtafika pia Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya askari wetu zaidi ya 600. Hapo mtulie, msipige picha za kuchekacheka. Mtasimuliwa habari za vifaru na mizinga, na ni vizuri mzijue. Lakini wewe uliza habari za waliobaki nyumbani, maana bila wao hakuna askari ambaye angefika Kampala.

Mimi nilikuwa darasa la kwanza hapa Mwanza. Mwalimu Nyerere alipokwisha kutangaza kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, balozi wa nyumba kumi alianza kupita mlango kwa mlango kukusanya michango. Bibi yako alitoa debe la mahindi na jogoo. Aliyekuwa na ng'ombe alitoa ng'ombe. Vijana wa mgambo tuliozoea kuwaona wakicheza gwaride jioni walipakiwa kwenye malori, na wengine hatukuwaona tena.

Usiku mwanga haukuruhusiwa kuonekana nje. Tulitundika blanketi dirishani, koroboi ikawekwa chini ya meza, tukala kwa kupapasa. Haikuwa hofu ya bure: Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, iliushambulia mji wetu, mabomu yakaangukia Saanane, kisiwa cha hifadhi ya wanyama, na kuua swala.

Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979, na sisi watoto tukadhani sasa sukari itarudi. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mkanda miezi 18. Ikawa miaka. Sabuni hakuna, tukafua sare kwa majani ya mpapai: unayaponda, unayasugua kwenye kola mpaka yatoe povu kidogo la kijani. Kwenye duka la ushirika foleni ilianza usiku, na asiyeweza kukesha aliacha jiwe lishike nafasi yake. Jiwe la bibi yako alilichora msalaba kwa mkaa, nami ndiye niliyetumwa alfajiri kuangalia kama halijasogezwa.

Sijutii hata kidogo kwamba tulipigana. Amin alivamia ardhi yetu, akaua watu na kuswaga ng'ombe wao. Ilikuwa lazima aondolewe. Kinachoniuma ni kwamba wanawake waliotoa debe la mwisho hawana hata kibao kimoja barabarani.

Kwa hiyo ukimpata bibi yeyote wa ng'ambo ya mto, upande wa Mutukula mpakani, piga goti umwamkie kama desturi ya Wahaya, kisha muulize: walipokimbia walibeba nini? Nani aliwapokea? Waliporudi walikuta nini kwenye migomba yao? Usimkatize. Andika yote kwenye daftari, na umwombe ruhusa ya kuandika jina lake kamili. Likizo ukija tutasoma pamoja, na kaka zako nitawaita wasikilize.

Mama yako akupendaye