Wani ya kidato cha nne haichagui tahasusi

Mhariri,

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, ofisi za taaluma katika seminari na shule nyingine za makanisa hapa Dodoma hujaa wazazi wenye swali moja: "Mwanangu ana wani, mnampa PCB au PCM?" Wani ni daraja la kwanza; PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) ni tahasusi, yaani michepuo ya masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Tunaomba nafasi kidogo katika gazeti lako tueleze kwa nini swali hilo linawaponza watoto.

Daraja linatokana na masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Halisemi ni yapi. Tuchukue karatasi ya matokeo ya mfano: Kiswahili A, Biblia A, Biolojia B, Jiografia B, Historia B, Kemia C, Kiingereza C, Uraia C, Fizikia D, Hisabati D. Jumlisha saba bora, A ikiwa 1, B 2 na C 3, unapata pointi 14, daraja la kwanza. Hata ukiondoa Biblia ukaweka Uraia zinakuwa 16, bado ni la kwanza. Mzazi ameona wani, ameona B ya Biolojia, basi kichwani mtoto ameshavaa koti jeupe. Lakini shahada ya udaktari inadai Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu, zifauliwe kama masomo makuu, yaani yale ya tahasusi, kidato cha sita. Kwa mtoto huyu Fizikia ni D, maana yake alipata kati ya 30 na 44.

C yake ya Kemia nayo isiaminiwe kwa kuitazama tu. C ya kidato cha nne inaanzia 45 inakwenda mpaka 64. Aliyepata 46 na aliyepata 63 wamepewa herufi ile ile, na kidato cha tano watakalishwa dawati moja. Karatasi ya matokeo haiwatofautishi, ila shule anakotoka inaweza, kwa sababu inazo alama za mihula yote pamoja na za mtihani wa utamilifu. Mzazi aziombe. Aangalie Kemia tangu kidato cha tatu, mtihani baada ya mtihani: zinapanda au zinateremka? Sisi tunampa nafasi ya sayansi aliyetoka 30 akafika 50 kabla ya aliyetoka 75 akaangukia 60, ingawa wote wawili wameandikiwa C.

Huyo wa mfano wetu tungemweka CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) au HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili). CBG itampeleka kwenye kilimo, mazingira na mengine ya jamii hiyo. Udaktari haimpeleki, na aambiwe hivyo siku ya kwanza, si mwaka wa pili anapojaza fomu za chuo. Kama moyo wake uko hospitali kabisa, kuna njia ya stashahada ya utabibu inayowapokea wa kidato cha nne wenye ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia, nayo D inahesabika kuwa ufaulu. Wapo wazazi wanaoiona njia hiyo kama adhabu. Si adhabu, akifaulu vizuri huko anaweza kuendelea na shahada.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo shule za kanisa zenyewe huwa hazilisemi waziwazi: somo la dini. Vyuo vya kati vinadai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Mwenye D tatu na A ya Biblia anaonekana ana masomo manne, mlangoni chuo kinahesabu matatu. Hilo ni la kidato cha nne. Kidato cha sita hesabu inakuwa ngumu zaidi, hasa baada ya tahasusi kuongezwa mwaka 2024 zikafika 65, zikiwamo za elimu ya dini. Tahasusi hizo ni halali na zina faida yake. Kosa ni kumwingiza mtoto humo bila kumwonyesha hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1 na kushuka: B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. Pointi zikiwa chache ndiyo daraja zuri. Udahili wa vyuo vikuu unageuza kichwa chini miguu juu: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Huko nyingi ndizo nzuri, na kiwango cha chini cha kuingia ni masomo makuu mawili yenye jumla ya 4.0. Wazazi wengi wanachanganya mizani hizi mbili, na walimu wachache pia, tukubali.

Mwanafunzi amesoma Historia, Kiingereza na Diviniti, somo la dini la kidato cha tano na sita. Amepata E, E na A. Kwa Baraza ana pointi 11, daraja la pili, sherehe inafanyika. Anaomba programu ambayo katika orodha ya masomo yake Diviniti haimo. Pale anabaki na E mbili, yaani 2.0, na dirisha linafungwa. Akiomba programu inayoitaja Diviniti, hiyo A inasimama na mambo yananyooka. Kwa hiyo mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kila mwaka usomwe programu kwa programu, mstari kwa mstari, kabla ya kuchagua tahasusi. Shule iwe nao umechapwa, ukae ofisini kama unavyokaa daftari la mahudhurio. Uhandisi utaukuta unadai Fizikia na Hisabati ya juu, hivyo PCB haikufikishi huko hata ukipata A tatu. Uchumi na biashara mara nyingi wanataka kuona chochote cha hesabu, kwa hiyo anayesoma HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) asilipuuze lile somo la hesabu za msingi kwa sababu tu haliingii kwenye daraja.

Kwa vijana wa seminari wenye nia ya upadre au uchungaji, tunasikia wakiambiwa lazima wasome masomo ya sanaa. Wito hauna tahasusi. Historia na lugha zitamsaidia atakapofika falsafa na teolojia, lakini anayeimudu PCM asitolewe huko kwa kisingizio hicho. Na akibadili mawazo akiwa na miaka ishirini, cheti kimfae pia.

Uzito wa mtihani nao upimwe. Kwa utaratibu tuliouzoea, PCB ina karatasi tatu kwa kila somo, ya tatu ikiwa ya vitendo. Hapo ni tisa. Ongeza hesabu za msingi na somo la jumla, zinakuwa 11. HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) kwa kipimo hicho hicho ina 7. Mtoto wa PCB akiongezewa Diviniti kama somo la nne anafika 13, katika ratiba ambayo tayari ina misa ya alfajiri, kazi za mikono na sala za jioni. Anayebeba mzigo huo yupo, lakini usiwe sheria ya darasa zima.

Kuhusu shule yenyewe, mzazi asiishie kwenye kanisa na bustani. Aombe kuingia maabara. Ahesabu bureti, ile mirija ya kioo ya kupimia vimiminika: darasa la wanafunzi 40 lenye bureti 8 maana yake kila moja inashikwa na watano, mmoja anapima na wanne wanaandika alichoona. Siku ya mtihani kila mtu anashika yake peke yake, na ndipo wale wanne wanapogundua hawajui kusoma mstari wa maji kwenye kioo. Afungue bomba. Kwa Dodoma swali la maji si la mzaha. Maabara isiyo na tanki lake hufundisha vitendo kwa ubao. Kisha aulize nani anafundisha Hisabati ya juu, na kama ni mwalimu wa shule au anatoka kwingine Jumamosi tu.

Mambo mawili ya tarehe. Selfomu, yaani fomu ya kuchagua tahasusi na shule, ijazwe kwa makini hata kama mtoto ameshafaulu usaili wa seminari, maana nafasi ya seminari na ile ya shule za serikali inayopangwa na TAMISEMI ni njia mbili tofauti, na baada ya matokeo mfumo hufunguliwa kwa muda mfupi ili mwanafunzi abadili machaguo. Anayedharau dirisha hilo, seminari ikimkataa Juni hana pa kushika. La pili, anayetaka kuhama tahasusi ahame ndani ya wiki nne za mwanzo wa kidato cha tano. Kuanzia Julai hadi mtihani wa Mei wa mwaka wa pili ni miezi isiyotimia 23, likizo zikiwamo. Anayehamia PCM Oktoba anakuta wenzake wameshavuka mwendo na kani, naye bado anatafuta daftari la kunakili.

Tunaziomba shule zetu zifanye jambo moja la gharama ndogo: kwenye fomu ya kujiunga, chini ya kila tahasusi inayofundishwa, ziandike idadi ya walimu wa kila somo, programu tano za chuo inazofungua na tatu ambazo haifungui. Ukurasa mmoja unatosha.

Walimu wa taaluma,
Dodoma