EWURA wana 81.97 yangu kwenye kila luku ya elfu kumi

Mhariri habari za kazi,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako. Juzi nimenunua luku, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi elfu kumi kama kawaida yangu, ila safari hii nikaisoma ile meseji mpaka chini, maana wengi wetu tukishaona zile namba 20 za kuingiza kwenye mita mengine hatuna habari nayo. Uniti 28 na ushee, umeme wenyewe 8,196.72, VAT 1,475.41, REA ya umeme vijijini 245.90, halafu EWURA 81.97. Hiyo ya mwisho ndo imenifanya niandike. Asilimia moja ya huo umeme wenyewe. Yaani huyu EWURA, mdhibiti anayeisimamia TANESCO, shirika la umeme, tunamlipa sisi wenyewe, mama ntilie, kinyozi, muuza juisi, kila tukinunua umeme na yeye anakatiwa chake hapohapo. Sasa mi nauliza tu kama mtu anayelipa mshahara, kazi anaachiwa aifanye?

Nasema "anaachiwa" makusudi kabisa, maana kuna kitu watu tumekisahau. Mwaka 2016 TANESCO waliomba bei ipande kwa asilimia 18.19, EWURA wakafuata utaratibu wao wote, uchunguzi, maoni ya wadau, mahesabu, wakawapunguzia wakawapa 8.53 ianze Januari 1, 2017. Haikuanza. Waziri wa Nishati na Madini Muhongo akaizuia na siku hiyohiyo ya mwaka mpya Rais Magufuli akatengua uteuzi wa mkurugenzi wa TANESCO, Mramba. Tulishangilia jamani, mi mwenyewe nilishangilia, nani anataka bei ipande Januari na ada za watoto zinamsubiri. Ila ukitulia unajiuliza, kosa la huyu bwana lilikuwa nini, aliomba kwa anayetakiwa kuombwa akapewa nusu tu, haikufika hata nusu, na asiyeridhika na uamuzi wa EWURA sheria imemwekea Baraza la Ushindani aende akakate rufaa. Hakuna aliyekwenda. Ungekuwa wewe ndo umekaa kile kiti cha EWURA, kesho yake likija ombi lingine si utampigia kwanza waziri simu ndo ushike kalamu?

Na bei ndo imebaki palepale, ukigawanya ile meseji yangu ya juzi unapata 292 kwa uniti kabla ya makodi, na wale wa matumizi madogo 100. Mi sisemi ipande, msije mkanipiga mawe. Nachosema, serikali ikitaka umeme uwe rahisi kwa wananchi, sawa kabisa ni haki yake ndo mwenye kampuni, basi isimame Bungeni iseme wazi kwamba gharama halisi ni hii, wananchi watalipa hii, tofauti iko kwenye bajeti fungu fulani. Serikali isipoilipa hiyo tofauti inalipwa na transfoma. Inalipwa na nguzo iliyooza inayosubiri mvua ya kwanza.

Kwenye kuzalisha tumepiga hatua, hilo mtu asibishe. Mwisho wa 2023 tulikuwa kwenye mgao, mpaka Rais Samia akampa mkurugenzi mpya wa TANESCO miezi sita aumalize, na Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukawashwa, kati ya mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Lakini megawati ziko Rufiji na mimi niko Tabata, katikati hapo kuna nyaya na vituo vya kupooza umeme na ndo huko viongozi wenyewe wanasema miundombinu imechakaa. Sasa ichakae vipi wakati kuna mdhibiti?

Kuna ripoti EWURA wanatoa kila mwaka kuhusu umeme, nendeni mkaisome, sema iko kwa Kiingereza. Mle kuna hesabu za umeme unakatika mara ngapi na mteja anakaa gizani jumla masaa mangapi, wanaziita SAIFI na SAIDI, utadhani mapacha wa Pemba. Sasa hizo ndo namba mwananchi anazitaka! Zitoke kwa Kiswahili, wilaya kwa wilaya, kila robo mwaka, zibandikwe hata ofisi za serikali za mitaa, Temeke wamekatiwa masaa haya, Kahama haya, lengo lilikuwa hili, na meneja wa mkoa aliyeshindwa aulizwe kwenye mkutano watu wanasikia. Hiyo haihitaji pesa mpya.

Maana usimamizi tuliozoea ni wa kamati za Bunge baada ya mambo kuharibika, sakata la mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu, sakata la pesa za umeme za akaunti ya escrow ya Tegeta 2014 mawaziri wakang'oka, tukakaa kwenye tivii usiku kucha kama tunaangalia fainali. Pesa zilikuwa zimeshaondoka.

Halafu kodi ya majengo nayo imekuja kukaa humohumo kwenye luku, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mpangaji anakatwa kodi ya nyumba isiyo yake. Hilo siwatupii EWURA, lilipita Bungeni, ila nilitegemea basi angalau nisikie wamekohoa.

Naishia hapo mhariri, mita imeanza kulia, naenda kununua nyingine. 81.97 nyingine hiyo.

Mnunuzi wa luku,
Tabata, Dar es Salaam